Sauti Itokayo Tumboni: Kutoka Endori hadi Yakobi

Lugha ya Kiswahili haina neno moja lililozoeleka kwa ufundi tunaotaka kuuchunguza hapa. Tunasema "kusema kwa tumbo" au "kutupa sauti", na kwa hayo tunamaanisha ustadi wa mtu anayenena bila kutikisa midomo, hata wasikilizaji wakadhani kwamba asemaye ni mwanasesere, au ukuta, au mtu aliyekwisha kufa. Katika miji mikubwa ya dunia ufundi huu siku hizi ni mchezo wa jukwaani, nao huchekesha watoto. Lakini kwa sehemu kubwa zaidi ya historia yake haukuwa mchezo hata kidogo. Ulikuwa jambo la dini, na waliougombania zaidi ni wanatheolojia. Kwa sababu hiyo hatuoni kwamba ni utovu wa adabu kuujadili katika kurasa hizi, wala hatuoni kwamba ni jambo la mbali na sharika zetu za Njombe na Makambako, kama tutakavyoonyesha.

Tuanze na mwili, kwa kuwa wengi wamepotoka hapa. Tumbo halisemi. Sauti ya msemaji wa namna hii hutoka kooni kama sauti nyingine yoyote. Ila yeye huibana, huitoa pumzi polepole, huurudisha ulimi nyuma, na kuiacha midomo itulie. Wala sauti hairushwi kama jiwe. Kinachotokea ni kwamba sikio la mwanadamu ni hodari wa kutambua kama mlio umetoka kulia au kushoto, kwa sababu mlio hulifikia sikio moja kabla ya lile jingine, bali ni dhaifu sana katika kupima umbali, au kujua kama mlio umetoka juu au chini. Pale linaposhindwa, sikio huliomba jicho msaada, na jicho hujibu kwa kuchagua kitu kinachotikisika. Basi msemaji humtikisa mwanasesere kinywa, au hutazama darini kwa hofu, nasi wenyewe tunaipeleka sauti huko. Kazi iliyobaki hufanywa na msikilizaji.

Zipo herufi zinazomshinda fundi huyu: b, m, p, f na v, ambazo haziwezi kutamkwa pasipo midomo kukutana au kugusa meno. Hana budi kuzibadili kwa zile za ulimi. Kwa Kiswahili "baba" itatoka kinywani mwake karibu na "dada", na "Mungu" itakuwa "Nungu". Mbena anayemtaja Nguluvi kwa namna hiyo atakwama kwenye silabi ya mwisho. Inashangaza kidogo kwamba maneno ambayo mtoto mchanga huyatamka kwanza ndiyo yale yanayomwia vigumu mwenye sauti ya kuazima.

Sasa tuje kwenye Maandiko. Wasomaji wetu wanamjua mwanamke wa Endori katika 1 Samweli 28. Biblia yetu ya Union Version humwita mwenye pepo wa utambuzi. Neno la Kiebrania ni *ov*, na maana yake imewatatiza wafasiri tangu zamani. Neno hilo hilo kwa wingi linaonekana katika Ayubu 32:19, ambako Elihu analinganisha tumbo lake lililojaa maneno na viriba vipya vilivyo karibu kupasuka. Kama maneno haya mawili ni ndugu wa kweli au yamefanana kwa bahati tu, wataalamu wa Kiebrania hawajakubaliana. Lakini wale Wayahudi wa Aleksandria waliotafsiri Maandiko kwa Kiyunani waliandika bila kusita *engastrimythos*, yaani asemaye hadithi tumboni. Katika Isaya 8:19, mahali ambapo nabii katika Kiebrania anawadhihaki waaguzi wanaolia kama ndege, wafasiri hao walisema waziwazi kwamba hao hutoa sauti zao matumboni. Kwa Kilatini Jerome aliandika *python*, kwa jina la yule joka wa Delphi. Na Plutarko, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani wa Delphi, anatuambia kwamba katika siku zake wasemao kwa tumbo waliitwa kwa jina hilo. Ndilo neno alilotumia Luka kwa yule kijakazi wa Filipi katika Matendo 16:16. Luther alichagua neno la Kijerumani lenye maana ya roho ya ubashiri, na kwa njia hiyo tumbo likatoweka katika Biblia zetu za Kilutheri. Msomaji wa Kiswahili hana namna ya kujua kwamba lilikuwapo.

Kwa Mababa wa Kanisa tumbo hilo lilikuwa na uzito. Katika karne ya 3 Origeni alihubiri juu ya sura hii, akashikilia kwamba Samweli alipanda kweli kutoka kuzimu. Kwa maana mwandishi wa Maandiko mwenyewe anasema Samweli alinena, na kama nabii aliweza kushuka huko, hapana aibu kwamba Kristo naye alishuka. Karne iliyofuata Eustathio wa Antiokia alimjibu kwa ukali usiofichika. Alitaka watu waangalie maneno: Sauli hakumwona Samweli, aliyeona ni mwanamke, naye Sauli aliinama baada ya kusimuliwa tu habari za mzee aliyevaa joho. Msemaji wa tumbo, alisema Eustathio, hutunga hadithi tumboni mwake, na mfalme aliyekwisha kupotewa na akili akaiamini. Gregori wa Nisa alipendekeza njia ya tatu, kwamba pepo alijivika umbo la nabii, na Luther baadaye aliegemea upande huo. Hatuna haja ya kuamua ugomvi huo hapa. Tunataja tu kwamba Eustathio ndiye aliyeuliza swali la mwanahistoria: nani hasa aliona, nani hasa alisikia, na sisi tunajuaje? (Tungependa pia kumkumbusha msomaji kwamba Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, alimsifu mwanamke huyo kwa ukarimu. Alimchinjia ndama mfalme aliyekuwa amewafukuza watu wa kazi yake katika nchi. Wahubiri wetu hawagusi jambo hilo mara nyingi.)

Tunaingia sasa katika kisa ambacho tungependa kila mchungaji kijana akijue. Mwaka 1574, katika kijiji cha Westwell, jimbo la Kent, Uingereza, mtumishi wa nyumbani aitwaye Mildred, mwenye umri wa miaka 17, alishikwa na kile kilichoonekana kuwa pepo. Wachungaji wawili waliitwa. Mbele ya mashahidi walilihoji pepo kwa saa nyingi, nalo likajibu kwa sauti isiyo ya msichana. Walitaka kujua nani amelituma. Likamtaja kikongwe mmoja aitwaye Alice, likaeleza kwamba alilifuga ndani ya chupa mbili, na kwamba alilituma kuua watu. Wachungaji waliyaandika yote na kutia sahihi zao. Hawakuwa watu waovu; walimwomba Mungu kwa moyo wote, na tunaamini walidhani wanamtumikia. Baadaye waungwana wawili wenye mamlaka ya kuhukumu walimchunguza msichana kwa utulivu, bila kelele na bila umati. Alikiri kwamba sauti ilikuwa yake, kisha akaitoa tena mbele yao, mchana kweupe, hatua kwa hatua. Habari hii imo katika kitabu cha Reginald Scot kilichotoka mwaka 1584, ambacho mwandishi alikitunga kupinga mauaji ya wanawake walioitwa wachawi. Kutoka kwa Mildred alirudi moja kwa moja hadi Endori, akasema kwamba mambo hayo mawili ni ya namna moja.

Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1772, padri Mfaransa de la Chapelle alichapisha kitabu kizima juu ya wasemao kwa tumbo. Alikuwa amemchunguza mwuza duka mmoja wa Saint-Germain-en-Laye, aitwaye Saint-Gille, aliyekuwa na kipawa hicho na tabia ya utani. Anasimulia kwamba Saint-Gille aliingia katika monasteri iliyokuwa imefiwa na mtawa mmoja siku chache kabla. Mara sauti ikasikika kutoka juu, ikilalamikia mateso ya toharani na uvuguvugu wa sala za ndugu zake. Watawa walianguka kifudifudi, wakaimba zaburi ya toba kwa machozi. Saint-Gille alipowaambia kwamba ilikuwa sauti yake, walikataa kusadiki. Ilimlazimu kuwarudisha kanisani na kuwaonyesha. Ni wazi kwamba Mlutheri akisoma kisa hiki anacheka kwa sababu ya toharani. Asicheke mapema mno.

Tangu wakati huo ufundi huu ulianza kuhama kanisani na kwenda ukumbini, na katika karne ya 19 na ya 20 ukawa kazi ya mwenye mwanasesere magotini. Mmoja wao, Edgar Bergen wa Marekani, alipata sifa yake kubwa katika redio, mahali ambapo hakuna anayeweza kuona kama midomo inatikisika au la. Hayo tunayaacha.

Lakini huku kwetu sauti haikuhamia ukumbini. Yeyote aliyehudumu kwa miaka michache katika sharika zilizo kando ya barabara ya Njombe, au katika Makambako, mji wa njia panda ambako barabara kuu ya Zambia, ile ya Songea na reli ya TAZARA hukutana, na ambako kipaza sauti cha mwuza dawa ya panya hurudia maneno ya mtu asiyekuwapo toka asubuhi hadi jioni, amepata kuona mkutano wa maombezi ambamo mwombaji humsogezea mgonjwa kipaza sauti mdomoni na kuuliza: "Wewe ni nani? Nani amekutuma?" Sauti hujibu, nzito au nyembamba, isiyofanana na ya mgonjwa. Mara nyingine hutaja jina. Na jina hilo, kwa kadiri tulivyoona, mara nyingi huwa la bibi mjane, shangazi, mama wa kambo, au jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Hatusemi kwamba kila mgonjwa wa namna hiyo anadanganya. Wengi hawajui wanalosema, na mateso yao ni ya kweli; Mildred mwenyewe huenda aliyaanza katika dhiki ambayo hakuna aliyemwuliza. Wala hatukani kwamba zipo nguvu za giza, tunaungama Katekisimu. Tunalosema ni la kihistoria: maswali ya Westwell na maswali ya maombezi yetu ni yale yale, na hatari ni ile ile. Tunaishi katika mkoa ambao mwanzoni mwa mwaka 2019 ulitikiswa na mauaji ya watoto wadogo yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Hapa jina likitamkwa kwenye kipaza sauti halirudi tena kinywani. Inafaa kuangalia alivyofanya Paulo huko Filipi. Pepo lilisema kweli tupu juu ya mitume, tena kwa siku nyingi. Paulo hakulihoji, hakuuliza limetumwa na nani, hakutaka ushuhuda wake hata ulipokuwa wa kumsifu. Alilinyamazisha. Waliokasirika ni wale waliokuwa wakipata faida kwa sauti hiyo.

Upo upande wa pili wa jambo hili, nao unatupeleka kwenye historia ya Ubena wenyewe. Kati ya mwaka 1868 na 1870 Henry Callaway, mmisionari wa Kianglikana katika Natal, alichapisha maelezo ya dini ya Wazulu. Humo mna habari za waaguzi ambao mizimu yao haikusema kwa kinywa cha mwaguzi bali kwa mbinja, kutoka kwenye paa la nyumba, huku mwaguzi amekaa kimya na kusikiliza kama wengine. Msomaji wa Isaya atakumbuka mara moja wale wanaolia kama ndege. Callaway alifikiri juu ya kusema kwa tumbo, kama Mzungu yeyote wa zamani zake angefikiri. Hata hivyo alifanya jambo moja ambalo tunalistahi: alichapa maneno ya wasimulizi kwa Kizulu, na kando yake tafsiri ya Kiingereza, na wengi wa wasimulizi hao aliwataja kwa majina. Mkuu wao alikuwa Mpengula Mbanda, katekista wake. Kwa hiyo hata leo tunaweza kumsoma Mbanda bila kupitia kwa Callaway. Wangoni walioweka makazi Songea, majirani wa Wabena kwa vita na kwa ndoa, walikuwa na mizizi yao huko huko kusini. Kundi la Zwangendaba lilivuka Zambezi mwaka 1835.

Katika mashariki yetu, upande wa Rufiji, sauti nyingine ilisikika. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile alipagawa na roho aitwaye Hongo. Wazee waliosimulia habari zake kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 walisema aliingia kwenye kilindi cha maji na kutoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Akagawa maji. Vita vilianza Julai 1905, naye akanyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, kabla vita havijafika milima yetu. Sauti ikaendelea bila yeye. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969, aliliona jambo hili kwa jicho kali kuliko wanahistoria wengi: mtu huyo, akiwa amepandwa na roho, anasema kwamba watu watakuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na anapozinduka anashtushwa na maneno yake mwenyewe. Sauti imesema lile ambalo msemaji hakulitaka. Msemaji wa jukwaani hufanya hivyo kwa makusudi ili watu wacheke. Kwa Kinjeketile wa tamthilia hakuna kicheko, kwani hajui tena kama ni yeye anenaye au ananenwa.

Septemba 1905 vita vilifika Yakobi, kituo cha Misioni ya Berlin karibu na Njombe. Mtwa Mbeyela wa Wabena na wapiganaji wa Kingoni walikishambulia. Mmisionari Paul Gröschel na Wakristo waliokuwa pamoja naye walikilinda kwa bunduki, na shambulio likashindwa. Haya tunayajua kwanza kutoka kwa Gröschel. Mwaka 1911 alitoa kitabu cha barua zake za mwaka 1898 hadi 1908, nacho kimekuwa msingi wa kila lililoandikwa baadaye juu ya tukio hilo. Ni kitabu cha mtu mwenye bidii na mwenye kupenda kazi yake. Lakini Wabena wote walio ndani yake wanasema Kijerumani. Anayetubu anatubu kwa sentensi za Kiberlin, anayeasi anaasi kwa sababu ambazo mwandishi amemwazima, na wale waliosimama pamoja naye usiku ule wa vita wananena kama watu wanaojua kwamba barua itasomwa na wafadhili wa misioni huko Ujerumani. Hatuna safu ya pili ya maandishi, kama ile ya Callaway, ambayo ingetuwezesha kumsikia Mbena kwa Kibena. Midomo ya mwandishi imetulia. Mbele yetu vinatikisika vinywa vya wengine.

Tunatambua kwamba neno hilo ni zito kwa mtu aliyelizika jembe lake katika udongo wa Ubena. Hatumshitaki kwa uongo. Alifanya kama walivyofanya karibu wamisionari wote wa wakati wake, na kama tunavyofanya sisi tunapoandika taarifa za usharika kwa ajili ya marafiki wa ng'ambo: Wakristo wetu katika taarifa hizo hushukuru kwa ufasaha ambao hatujapata kuusikia kutoka kwao. Lakini mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya chanzo cha dayosisi yetu hawezi kunukuu barua hizo kana kwamba ni sauti ya Wabena. Afanye kama Eustathio: aulize nani aliona, nani alisikia.

Wala si kweli kwamba wenyeji walinyamaza. James Giblin, mwanahistoria Mmarekani aliyefanya utafiti wake miaka mingi katika Njombe, alikusanya masimulizi ya Yakobi kutoka kwa wazao wa walioshiriki, na makala yake ilichapishwa mwaka 2010. Wasimulizi hawaiiti Vita ya Maji Maji, jina ambalo vitabu vya shule vimelieneza nchi nzima. Wanaiita Vita ya Korosani. Korosani ndiye Gröschel: jina la Kijerumani lenye konsonanti zilizobanana mwanzoni, na vokali isiyokuwapo katika lugha zetu, limechukuliwa na ndimi za Kibena, likapewa vokali kila baada ya konsonanti, likapewa na silabi ya mwisho ambayo yeye hakuzaliwa nayo. Katika barua zake hatajwi kwa jina hilo kama lake mwenyewe, ni lao. Wazee walioweka jina hilo hawakuacha barua, nasi tunalo kwa sababu tu watoto na wajukuu wao waliendelea kulitamka.